Mipira Miwili ya Mashine ya Majani

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mwanangu Mwavita. Ukungu ulikuwa umetoka mto Lualaba, ukapanda taratibu hadi kwenye kiwanja cha ndege cha misheni, ukalala juu ya majani kama mtu aliyechoka kutembea. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilisimama pembeni nikakitazama kiwanja, nisione kilipoanza wala kilipoishia. Majani yalinifika magotini. Ndege ilikuwa inakuja baada ya siku tatu, na mimi ndiye niliyeambiwa niyakate.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, ulikuja hapa kwangu Mikelenge na simu mkononi, ukanionyesha picha ya mipira miwili ya magurudumu, ya mtu anayeuza mbali. "Babu, bei iko muzuri," ukasema, "na tazama vile inang'aa." Furaha yako niliiona. Wamekupa kazi ileile niliyoifanya mimi, kwenye kiwanja kilekile, juu ya mashine nyingine ya kukata majani, yenye kiti na usukani kama ile yangu, na mipira yake ya nyuma imekwisha. Sikukujibu jana. Katika umri wangu jibu haliji kwa njia ya mkato. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na sasa liko mdomoni. Kaa, uvue viatu, nikueleze.

Ilikuwa hivi. Treni ilikuwa imeacha kuja. Wewe hukuisikia treni ya Kindu ikipiga honi yake, lakini sisi tuliozaliwa tukiisikia, ukimya wake ulituingia mifupani. Mashua za mizigo hazikupita mtoni. Barabara ya Lubutu watu waliiogopa. Chumvi, sabuni, dawa, vyote vilikuja juu ya kinga, maana baiskeli hapa kwetu tunaiita kinga, na wanaume walizisukuma msituni wiki nzima mpaka miguu ikavimba. Au vilikuja kwa ndege ndogo ya misheni, pale ilipoweza kushuka.

Mwaka ule surua iliingia. Watoto walilazwa wawili wawili kwenye kitanda kimoja cha kituo cha afya, macho mekundu, vifua vikikoroma. Aliyekiongoza kituo alikuwa muuguzi mmoja, Mama Sikuzani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Aliniita akaniambia ndege italeta dawa Alhamisi, lakini rubani amesema kwa redio kwamba hatashuka kama majani yamezidi urefu wa kidole. Utauliza kwa nini watu hawakukata kwa panga. Wenye nguvu walikuwa wamekimbilia msituni, mwanangu. Waliobaki walikuwa wagonjwa, na wanaowauguza wagonjwa. Ilibaki mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa nyekundu, iliachwa na padri mmoja mzee aliyerudi kwao. Injini yake ilikuwa nzima. Mafuta kidogo tulikuwa nayo. Lakini mipira ya nyuma! Mmoja ulikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita, na mwenzake ulikuwa umelika mpaka nyuzi zikaonekana. Mama Sikuzani akanipa mfuko wa chumvi, chumvi ya jiko la wagonjwa, akasema, "Tafuta mipira, Amisi. Ni hii tu niko nayo."

Nikavuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, kwa Mzee Yuma. Huyu alikuwa fundi wa karakana ya reli zamani, na treni ilipokoma akawa anatengeneza kinga kwenye kibanda chake kando ya maji. Ndani humo magurudumu yalining'inia kwenye dari, upepo wa mto ukiyazungusha polepole, yakilia kidogo kidogo. Nilipenda kuyatazama. Hata leo nikifumba macho nayasikia.

Nikamweleza shida yangu. Hakuinua kichwa.

"Leta ile mipira ya zamani, yote mbili," akasema. "Nitaishona. Kesho jioni itakuwa tayari. Utanipa kikombe kimoja cha chumvi, basi."

"Muzee, hakuna mipya?"

"Mupya utaipata wapi, na treni haifike?" Hapo ndipo akaniangalia. "Mupira ya zamani iko na uhai, mutoto. Imechoka tu."

Nikamwambia nitarudi. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa. Kweli nikuambie, na unisamehe ujana wangu: niliona haya. Nilijiona juu ya mashine nyekundu yenye mipira iliyoshonwa kama ndala za mkulima, na watu wote wa kituo wakitazama. Kulikuwa na binti mmoja aliyekuja kumuuguza mdogo wake. Jina lake halina kazi katika habari hii. Nilitaka anione nikipita juu ya vitu vizima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu wangu ulianza kuvunjika pale mlangoni kwa Mzee Yuma.

Siku hiyohiyo nikaingia soko la Kasuku. Soko la vita ni kitu cha ajabu. Mtu anauza kioo cha gari, mwingine mlango wa nyumba, mwingine kiatu kimoja. Nikatembea kama mtu aliye ndotoni, mpaka nikaviona: vitu viwili vyeusi, vya mviringo, vinang'aa kama macho ya mbuzi. Mwuzaji alikuwa mtu mpole. Alisema vilitoka kwenye kigari cha shamba la zamani, havijaguswa, vilikuwa ghalani miaka yote. Nikavipima kwa macho kwenye duara la katikati, pale chuma cha gurudumu kinapoingia, nikaona vitaingia. Nilisikia harufu ya mafuta ya mawese. Nilijiuliza mawese yanatafuta nini kwenye mpira. Nilijiuliza, mwanangu, nikanyamaza, kwa sababu nilijua kwamba nikiuliza kwa sauti nitapata jibu nisilolitaka. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliuchagua ujinga kwa makusudi. Nikampa mfuko wote wa chumvi. Ile mipira ya zamani nikaitupa kwenye magugu nyuma ya kiwanja.

Jumanne mvua ilinyesha kutwa. Jumatano asubuhi jua likatoka, majani yakakauka, nikapanda.

Siwezi kukuficha uzuri wa asubuhi ile. Mashine iliimba. Majani yalianguka kando, harufu yake ikapanda kichwani kama chai ya mchaichai. Vipepeo weupe waliruka mbele yangu makundi kwa makundi, na kila nilipogeuza mwishoni mwa kiwanja niliona mto ukimetameta chini, na nyuma yangu njia ya kijani iliyonyooka. Kwa muda wa saa tatu vita havikuwepo. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyelia. Watu walitoka vitandani wakasimama barazani kunitazama. Nikaketi wima zaidi.

Karibu na adhuhuri, nikiwa nimemaliza nusu, mpira wa kulia ukapasuka. Haukutoboka, ulipasuka kuanzia upande mmoja mpaka mwingine, kama boga lililooza. Badala ya kusimama nikaendelea, nikidhani nitafika mwisho. Wa kushoto ukafuata. Chuma cha magurudumu kikazama kwenye udongo laini wa mvua, nami kwa hasira nikaongeza moto, nikachimba mfereji. Nilipozima injini, mfereji ulikuwa mrefu kuliko kimo cha mtu na kina chake kilifika nusu ya goti, katikati kabisa ya mahali ambapo ndege ingekimbia.

Nikashuka, nikaushika ule mpira. Ulivunjika mkononi vipande vipande. Ulikuwa mfu tangu siku nyingi. Walikuwa wameupaka mawese na masizi ya chungu, ukang'aa kama ulio hai.

Sasa sikiliza sehemu niliyotaka kuiruka. Saa nane mchana Mama Sikuzani alikwenda kwenye redio kuzungumza na rubani. Akaniita mlangoni. Chumba kilikuwa kimejaa akina mama, watoto mapajani, wote wametulia, wananitazama mimi. Akauliza, "Amisi, kiwanja iko tayari?"

Nikasema, "Tayari, mama."

Maneno mawili. Sijui yalitoka wapi. Nadhani nilifikiri nitapata njia kabla ya kesho, kama vijana wanavyofikiri siku zote kwamba kesho ni rafiki yao. Akamwambia rubani kiwanja kiko tayari. Akina mama wakashukuru Mungu kwa sauti, kila mmoja kwa dini yake.

Nikayafungua magurudumu, nikayabeba begani, nikavuka tena mto. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mzee Yuma aliyatazama yale matambara meusi yaliyoning'inia kwenye chuma. Hakucheka. Aliniuliza mambo mawili tu: mipira ya zamani iko wapi, na watu wa kituo wanajua? Nikamjibu la kwanza. Magurudumu yake yakazunguka darini. Mwishowe nikamwambia nilichosema kwenye redio.

Akaweka chini nyundo yake.

"Mi niko mushonaji wa mipira," akasema. "Mudomo yako siwezi kuishona. Rudia kwa Mama Sikuzani, umuambie kweli. Kisha ndiyo nitashika sindano."

"Muzee, muda umekwisha! Nikienda na kurudi jua litazama. Anza kushona, nitamwambia kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi ile mutu atakuwa hewani. Na ile shimo iko inamungojea." Alisimama, akachukua mfuko wake wa vyombo, akautia begani. "Twende wote. Utasema, mi nitasimama karibu."

Nikayabeba tena magurudumu, tukavuka. Maji yalikuwa na rangi ya chai, na mawingu yalipita ndani yake polepole, na mimi niliomba tusifike. Lakini mtumbwi hufika.

Nilimkuta Mama Sikuzani akimpangusa mtoto paji la uso. Nikamwambia pale pale, mbele ya watu, kwa kuwa nilijua nikimwita pembeni nitapunguza maneno. Nikamweleza mipira, chumvi, mfereji, na uongo. Hakunipandishia sauti. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kwenye beseni, akaenda kwenye redio. Aliita kwa muda mrefu kabla rubani hajajibu. Rubani akasema Alhamisi asubuhi basi hawezi kushuka, na baadaye ana safari nyingine, atakuja Ijumaa. Mama Sikuzani akarudi, akanipita kama apitaye ukungu ule wa asubuhi, akaendelea kumpangusa mtoto.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya miti, nilipiga magoti kwenye magugu nikitafuta mipira niliyoitupa kwa dharau. Nilikatwa na majani, niliumwa na siafu. Niliipata yote miwili. Mzee Yuma akaikunja kwa kidole gumba, mpira ukapinda na kurudi mahali pake. "Unaona?" akasema. "Inajibu."

Alhamisi alfajiri alianza. Tundu lile la ngumi alilifunika kwa ndani na kipande cha mpira wa kaminyo, yaani lori, akakishona kwa waya wa breki za kinga, mshono mfupi mfupi, mikono yake ikienda bila haraka. Mipira ya ndani ilikuwa imepasuka, basi tukajaza matambara na majani makavu, tukayashindilia kwa ubao mpaka yakawa magumu kama jiwe. Alinipimisha kimo cha mipira yote miwili kwa kamba mara tano. "Ikiwa mumoja iko mukubwa kuliko mwenzake," akaniambia, "kisu italala upande, utakata huku na kuacha kule."

Ilikuwa bado asubuhi tuliposikia kilio kutoka wodini. Nilijua kilio kile ni cha nini. Miaka ile kila mtu alikijua. Alikuwa mtoto wa Baba Shabani, mkulima wa huku Mikelenge, msichana wa miaka minne. Wakamzika kabla ya adhuhuri kama ilivyo desturi. Mzee Yuma aliendelea kushona, lakini akaniambia, bila kunitazama, "Unajua penye kwenda."

Nikaenda. Baba Shabani alikuwa amekaa mkekani, udongo wa kaburi ungali kwenye kucha zake. Nikapiga magoti nikamwambia kwamba ndege ingekuja leo, na kwamba mimi ndiye niliyefanya isije. Niliona mkono wake ukikunja ngumi na kuifungua. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Nimesikia, Amisi," akasema. "Watoto ya wengine wangali wanapumua. Enda ukate majani."

Sikuwahi kuambiwa kama yule mtoto angepona. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Mama Sikuzani. Akasema hajui, na kwamba asingeniambia hata kama angejua. Mficha maradhi, kilio humfichua; wahenga waliisema kwa ajili ya mgonjwa anayeficha ugonjwa wake, lakini mimi nilificha, na kilio kikatoka katika nyumba ya mwingine.

Mchana ule nilipanda mashine juu ya mipira iliyoshonwa. Ilinitikisa mpaka meno yakagongana. Hakuna aliyetoka barazani kunitazama, ila wazee wachache na akina mama walikuja na makarai ya udongo mwekundu, wakaujaza mfereji wangu na kuukanyaga kwa miguu yao, wakiimba kwa sauti ndogo ili wasiwaamshe watoto. Baba Shabani alikuja naye. Alikanyaga kama wengine. Sikuthubutu kumtazama, nami nilipita karibu naye kila nilipogeuza, huku na huku, mpaka majani yakaisha.

Ijumaa ndege ikashuka. Ilipopita juu ya udongo mpya haikudunda hata kidogo. Watoto walipona, wengi wao. Mmoja ndiye aliyenikatia tiketi ya boti mwaka juzi; ana mvi sasa.

Kuanzia hapo nilivuka mto kila Jumamosi kwenda kwa Mzee Yuma, miaka mitano nikijifunza, mpaka nikajua alichokijua. Na sasa nakupa wewe, mwanangu, maana siwezi kukiacha kilale nami.

Kwanza habari ya mipira yako. Picha haikunjwi kwa kidole gumba. Usitume chochote kwa mtu wa mbali kabla mtu unayemwamini hajaushika mpira ule, akaupinda, akatazama katikati ya meno yake kama kuna nyufa ndogo kama za tope lililokauka. Soma namba zilizoandikwa ubavuni; ya mwisho ndiyo kipimo cha chuma cha gurudumu, na isipolingana na yako hata uletewe bure haikufai. Ukinunua, nunua miwili inayofanana, au usinunue. Lakini kabla ya kununua, pita Kasuku kwa mafundi wa pikipiki, uwaulize wanaoshona na kuziba, uwaulize na wauza matoroli, kwa kuwa magurudumu madogo yana ndugu wengi mjini. Mipira yako uliyokuja nayo jana niliitazama wewe ukinywa chai, na wa kushoto niliupinda. Bado unajibu. Ule wa kulia una ufa mmoja tu, nao unazibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ni ghali. Hivyo ndivyo ninavyofahamu mimi neno rahisi: si kile kinachoombwa bei ndogo, bali kile ambacho hutalazimika kukilipia tena.

Halafu lile lililo kubwa. Utakosea. Kila anayeshika usukani hukosea. Siku utakapoharibu kitu, nenda ukaseme wakati kosa lingali na ukubwa wa kosa, kabla halijapata watoto. Usingoje upate kwanza njia ya kulitengeneza. Aibu ya kusema ni ya saa moja. Nimeishi na ile ya kunyamaza tangu nilipokuwa na umri wako, nayo hainiachi hata siku za furaha. Na ukimkuta mwenzako amekosea, usimshonee mdomo na usimpige. Simama karibu naye anaposema.

Basi inuka, binti yangu. Mungu akupe jicho la kuuona ufa ukiwa mdogo na ulimi usioogopa kuutaja. Akuwekee watu wa kusimama karibu nawe. Kila chombo kitakachoshuka juu ya kazi ya mikono yako kishuke salama, na kila mama anayekingoja arudi kwake na mtoto mgongoni. Amina.